Ukuta Umelika, au Umeliwa?

Ukuta ukilika, huanzia chini. Shika Barabara ya Namanga kutoka daraja la Mto Athi, upite Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, na njiani uzitazame nyumba za kupangisha, kuta za ua, shule na makanisa kwa kimo cha goti. Hapo ndipo mvua inapogonga ardhi na kurusha matope, ndipo unyevu wa msingi unapopanda, ndipo upepo wa nyanda hizi unapokuja na vumbi lake. Mawe na matofali ya juu bado yana kingo zake. Ya chini yameviringana, na ukiyapitishia kidole unabaki na unga.

Mjengoni hali hiyo yote ina jina moja: ukuta umechakaa. Dawa yake nayo ina jina moja: kupiga plasta. Naamini kuta nyingi za huku huumizwa mara ya pili na matengenezo yenyewe, na jeraha hilo la pili huanzia kwenye jina tulilolipa la kwanza. Ndiyo maana naona suala la istilahi za fundi wa kuta linastahili kushughulikiwa kwa uzito ule ule tunaowapa wanasheria na madaktari.

Kwanza vitu vyenyewe, kwa sababu hata hivyo vinatuchanganya. Upande wetu wa mpaka wa Kenya na Tanzania, tofali ni la udongo, liwe la kuchoma au la kushindiliwa kwa mashine. Lililotengenezwa kwa saruji na mchanga huitwa bloku, na lililokatwa machimboni ni jiwe, kama mawe ya Ndarugo yanayoletwa na malori kutoka upande wa Juja. Vuka Namanga uingie Longido, na mtu akikwambia nyumba yake ni ya tofali, huenda anazungumzia bloku. Plasta ya Kitengela huko ni lipu, na balasti yetu ni kokoto. Fundi anayefanya kazi pande zote mbili hubeba lugha mbili kwenye mfuko mmoja wa zana, na mwenye nyumba anayesoma maelezo ya ukarabati yaliyoandikwa Tanzania akiwa Kajiado anaweza kununua kitu kisichohusika kabisa na ukuta wake.

Tofali la kuchoma lina msamiati wake mzuri, na wote ni wa jikoni. Kabla ya moto ni bichi. Likipata moto wa kutosha huwa limeiva, likizidishiwa, limeungua. Katika tanuri la kienyeji, kama yale ya Ukambani ambako matofali mengi ya kuchoma huchomwa, matofali ya katikati huiva na ya pembezoni hubaki nusu bichi. Lori halibagui, hubeba yote. Yakishajengwa na kupakwa rangi hayatofautiani, lakini baada ya misimu kadhaa ya masika na vuli yasiyoiva hujitaja yenyewe, moja hapa, mawili pale, mashimo katikati ya ukuta mzima. Fundi anayesema "hili halikuiva" amekwisha kutambua ugonjwa na chanzo chake kwa maneno mawili. Sijui istilahi ya kitaalamu iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa vitenzi. Kiswahili kina vitenzi vya kuharibika kwa ukuta vinavyotosha kitabu kizima, na kila kimoja kina kazi yake. Kubanduka ni kwa kitu kilichobandikwa: rangi hubanduka, plasta hubanduka, na chini yake ukuta unaweza kuwa mzima kabisa. Kubabuka ni kwa ngozi ya kitu chenyewe: tofali lililobabuka limepoteza uso wake, ule uliopikwa na moto ukawa mgumu, na sasa tumbo lake laini liko wazi kwa mvua. Kumeguka ni kwa kipande chenye unene, mara nyingi pembeni. Kumomonyoka ni kazi ya maji yanayotiririka, chembe baada ya chembe, kama yanavyofanya chini ya paa lisilo na mfereji. Kupukutika ni kwa kile kinachoanguka kikiwa kikavu, bila kuguswa, na ndilo neno ninalolitaka kwa mchanga unaotoka kwenye viungo vya ukuta na kulala sakafuni kila asubuhi.

Kati ya kubanduka na kubabuka pana tofauti ya fedha nyingi. Kilichobanduka kinaweza kubandikwa tena. Kilichobabuka hakirudi, tofali hilo ama litolewe na kuwekwa jingine, ama ligeuzwe ili upande wake wa ndani, uliokuwa umejificha, utazame nje. Anayeita yote mawili "kuchakaa" atapewa bei moja kwa kazi mbili.

Watunga istilahi wana mazoea ya kutaka nomino. Wakipewa orodha ya magonjwa ya matofali, watarudisha ubabukaji, umomonyokaji, umegukaji. Maneno haya yameundwa sawasawa kisarufi, wala siyachukii, lakini hakuna aliyewahi kuyasikia juu ya jukwaa la ujenzi. Fundi husema "limebabuka". Anasema kuhusu tofali hili, hapa, sasa, na kiambishi cha wakati kinamwambia msikilizaji kama limeshaharibika au bado linaendelea: limebabuka, linababuka. Nomino huyatupa yote hayo. Istilahi ya ukarabati kwa Kiswahili ingefaa kuandikwa kwa vitenzi, na kamusi ya mafundi ingefaa kupangwa hivyo.

Lakini vitenzi hivyo vina udhaifu mmoja, na ndio kiini cha ninachotaka kusema. Vyote vinaishia kwa -ka. Banduka, babuka, meguka, momonyoka, pukutika, lika. Katika sarufi yetu kiambishi hicho huonyesha hali bila kumtaja mtendaji. Ukuta umelika: umelika tu, wenyewe, kama vile ni umri. Mwenye nyumba husikia hivyo, huinua mabega, na kumwita mtu wa plasta. Lakini badilisha herufi kidogo, useme ukuta umeliwa, na swali linakuja lenyewe: umeliwa na nini? Huwezi kuacha sentensi hiyo ikiwa nusu. Kutoka kulika hadi kuliwa ndipo ukarabati wa kweli unapoanza, kwa sababu aliyekula akibaki pale pale atakula na kiraka.

Katika nyanda za Athi mlaji mkuu ni chumvi. Maji ya visima vingi virefu vya huku yana chumvi za sodiamu, na wakazi wanazijua kwa ladha ya chai. Kaunti hii hii ya Kajiado ndiyo yenye Ziwa Magadi, ambalo jina lake ni lile lile la kitu tunachotia kwenye maharagwe ili yalainike. Wakati wa kujenga, fundi huchanganya mota kwa maji aliyo nayo. Kama boza limeleta ya kisima cha chumvi, ndiyo yatakayoingia. Chumvi nyingine hupanda na unyevu kutoka ardhini, hasa mahali ambapo karatasi ya kuzuia unyevu, ile inayoitwa dipisi, ilirukwa ili kupunguza gharama au ilitobolewa.

Namna chumvi inavyokula ni hivi. Maji huibeba ikiwa imeyeyuka, yakipita kwenye vinyweleo vya tofali. Jua likipiga, maji huondoka kama mvuke na chumvi hubaki. Yakikaukia juu kabisa ya uso, chumvi hutokea nje kama unga mweupe, na unga huo unachukiza macho lakini haudhuru sana. Yakikaukia ndani, milimita chache nyuma ya uso, fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo visivyo na nafasi, husukuma, na uso wa tofali husukumwa nje pamoja nazo. Mvua inayofuata huyeyusha, jua linalofuata hukausha, na mchezo unarudiwa. Nchi za baridi matofali yao hupasuliwa na barafu. Yetu hupasuliwa na chumvi, na huku hakuna msimu wa kupumzika.

Watu wa Kitengela tayari wana maneno mawili kwa hali hizi mbili, ingawa sijaona kitabu kilichoyaweka kando kwa kando. Husema ukuta unatoa chumvi, na husema ukuta umeliwa na chumvi. Wa kwanza dawa yake ni brashi kavu, si maji, kwa maana maji yataiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Wa pili dawa yake ni kutafuta maji yanakoingilia. Haya ni maneno ya watu, yamekamilika, na mtunzi wa istilahi hana la kufanya zaidi ya kuyaandika.

Kuhusu nyufa nitasema kwa ufupi, kwani habari ya udongo mweusi kila mtu huku anayo. Ukinyeshewa huvimba, ukikauka hunywea hadi unatoa mipasuko inayomeza mguu wa mbuzi. Jengo ambalo msingi wake haukufukuliwa udongo huo na kujazwa maramu hupanda na kushuka pamoja nao. Ukame uliodumu hadi 2023, kisha mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka huo, kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyofika hadi kwenye mitaa ya Kitengela: katika muda mfupi udongo huo ulinywea na kuvimba kupita kawaida, na nyufa za ngazi, zile zinazofuata viungo zikipanda kozi kwa kozi, zilitokea hata kwenye nyumba zilizokuwa zimetulia.

Hapa methali inayojulikana na kila mtoto wa shule, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, inahitaji kusomwa na fundi. Upo ufa wa kuziba na upo wa kungojea. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ukiuziba kwa saruji ngumu, msimu ukigeuka ukuta utapasuka pembeni mwa kiraka, mahali palipokuwa pazima. Mafundi wa Ulaya tangu zamani hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, wakaandika tarehe, wakaondoka. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Wafaransa hukiita kipande hicho shahidi. Sisi wenye neno shahidi, na wenye karakana ya vioo iliyoanzishwa na Nani Croze ambayo imelifikisha jina la Kitengela nchi za mbali, hatuna udhuru wa kukosa kitu hicho kwenye kuta zetu. Shahidi wa ufa: naliweka mezani neno hilo liamuliwe.

Kisha tuje kwenye neno lenyewe zito, saruji. Leo maana yake ni ile ya mfuko wa kilo 50, na Athi River ni makao yake makuu: viwanda kadhaa vimejipanga huko, na kampuni ya East African Portland Cement ina asili ya mwaka 1933. Lakini neno ni la kale kuliko kitu. Saruji ya Portland ilipewa hataza na Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824. Sarooj ya Uajemi na ya Oman ni ya karne nyingi kabla yake. Huko Oman ni udongo uliochomwa, ukasagwa, ukatumika kwenye mifereji ya maji ya aflaj na kwenye ngome. Uajemi huchanganywa na chokaa kwa ajili ya matangi ya maji. Ni mota inayoshika bila kuwa ngumu kupita jiwe. Jina lilipofika pwani yetu lilikuja na mambo ya aina hiyo, kisha likahamishiwa unga wa kijivu wa kiwandani ambao tabia yake ni nyingine kabisa.

Hapo ndipo lugha ilipotupoteza. Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani kilicho kigumu zaidi ndicho bora zaidi. Kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma kanuni ni kinyume: mota iwe dhaifu kuliko tofali. Kiungo kinapaswa kuwa njia ya unyevu kutokea na mahali pa chumvi kukaukia, kwa sababu kiungo kinaweza kuchokolewa na kujazwa upya kila baada ya miaka mingi, ilhali tofali haliwezi. Ukijaza viungo kwa saruji tupu, unyevu hukataa kupita humo na kuhamia kwenye tofali. Baada ya miaka utaona ukuta ambao saruji imebaki imesimama kama fremu na matofali yamezama ndani yake, yameliwa. Plasta nzito inayopigwa kwenye mita ya kwanza ya ukuta hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: unyevu uliozuiwa chini hupanda, na mstari wa uharibifu unaanza upya juu ya plasta. Wahifadhi wa majengo ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar wamekuwa wakionya kuhusu saruji juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Onyo lao linatuhusu hata sisi tusio na tumbawe hata moja.

Dawa ni chokaa, neno ambalo huku bara limeshushwa cheo. Kajiado, chokaa ni ya kupaka mashina ya miti na kuchora mistari ya uwanja wa mpira. Lakini nyanda hizi zina mawe ya chokaa; viwanda vya saruji vilifuata hayo, na milima ya Kajiado ina marumaru, ambayo ni jamii moja nayo. Chokaa iliyo tayari huuzwa kwa mfuko, ikiwemo ya Koru upande wa Kisumu. Ikiingizwa kwenye mota, saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, au kwa matofali laini zaidi moja, mbili, tisa, mota hulainika, hushika vizuri, na huachia unyevu. Pwani walikuwa na msamiati kamili wa kitu hiki, kuanzia tanuu la kuchomea hadi neru, ile chokaa laini ya kumalizia uso. Maneno hayo yako kwenye kamusi. Yanasubiri tu kupandishwa treni.

Na la thamani kuliko yote, kwa kazi hii, ni kutomea. Kamusi za zamani za lugha ya pwani zinalo: kujaza kwa vijiwe na chokaa nafasi zilizobaki kati ya mawe ya ukuta, hadi uso uwe sawa, kabla ya kupaka. Mafundi wa huku kwa kazi ya viungo husema kupiga kii, neno lililotoka kwenye ujenzi mpya wa mawe, ambapo viungo huchorwa na kunyooshwa ili ukuta upendeze. Kii ni ya macho. Inapochukuliwa kwa ukarabati, fundi hupaka mota nyembamba juu ya kiungo kibovu, akachora mstari, ukaonekana mpya. Msimu mmoja baadaye ukanda mzima unabanduka, maana haukuwa na mahali pa kushika. Kutomea kunadai kina. Huwezi kutomea mahali pasipo na tundu. Neno lenyewe linamlazimisha mtu kuchokoa kwanza, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kufikia inchi moja hivi, kupuliza vumbi, kulowesha, ndipo ajaze kwa mwiko mwembamba, akishindilia tabaka kwa tabaka.

Kitu hiki hakihitaji kuletwa Kajiado kutoka pwani kama kigeni. Wanawake wa Kimaasai, ambao ndio wajenzi wa enkaji, nyumba ya jadi ya Kimaasai, wanakifanya tangu zamani: mvua ikifungua ukuta, mama hurudi na udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, akaziba penye tundu kwa kile kile kilichojengewa. Haongezi tabaka gumu juu ya laini. Wahifadhi wa majengo duniani wameifikia kanuni hiyo kwa mikutano na maazimio mengi. Kiswahili kina kukandika kwa kazi ya kwanza ya ukuta wa udongo na kusiriba kwa ile ya kulainisha mwisho, na sielewi kwa nini maneno haya yanaonekana ya kijijini huku kupiga plasta kukionekana kwa kitaalamu.

Mahali pa kuyarudisha ni karatasi ya makubaliano kati ya mwenye nyumba na fundi, kwotesheni, ambayo kwa kawaida ina mstari mmoja: plasta na rangi, nyuma ya nyumba. Ningependa kuona imeandikwa hivi. Maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta kabla ya kitu kingine. Viungo vilivyopukutika vichokolewe hadi inchi moja. Matofali yaliyobabuka yageuzwe au yatolewe, yawekwe yaliyoiva. Chumvi iliyotoka isuguliwe kwa brashi kavu. Viungo vitomewe kwa saruji moja, chokaa mbili, mchanga wa mto tisa, na maji matamu. Magunia mabichi yatundikwe juu ya kazi kwa siku kadhaa ili isikaushwe na upepo. Ufa wa kwenye kona usizibwe. Uwekewe shahidi hadi vuli ipite. Fundi atauliza kutomea ni kufanya nini. Mchokolee kiungo kimoja akiona, umwachie cha pili.